Modo, kiduku na bodaboda: mzazi, unaangalia wapi?

Krismasi iliyopita nyumbani kwetu Mbulu, mdogo wangu alikula jikoni. Hakupenda. Aliingia sebuleni mchana akiwa na suruali ya modo, ile inayobana hadi kwenye kifundo cha mguu, na kichwani amenyoa kiduku: pembeni peupe, katikati mstari wa nywele uliopigwa blichi mpaka ukawa na rangi ya mahindi makavu. Baba aliweka kijiko chini, akamtazama toka juu hadi chini, akasema nywele za namna hiyo hazikai kwenye meza yake. Mdogo wangu hakujibu. Alibeba sahani yake akatoka.

Nilimfuata. Mvua ilikuwa inanyesha, tukakaa karibu na moto. Nilimuuliza habari za kijiweni, maana anaendesha bodaboda pale mjini, na kila nilipouliza alisema, "Unasemaje, dada?" Mara tatu. Mwishowe akanieleza kwamba siku akishinda na spika imefungwa kwenye pikipiki, usiku masikio yanalia kama kuna nyenje ndani. Alisema hivyo huku anacheka. Nilipotoka kwenda kuchota maji nikaiona helmeti yake. Ilikuwa bandani kwa kuku, imewekwa kichwa chini, na kuku ametagia humo mayai manne.

Naandika habari za afya, kwa hiyo labda macho yangu yana ugonjwa wake. Lakini siku ile, ndani ya nyumba moja, kulikuwa na mambo mawili yanayoweza kumharibia kijana maisha, yaani masikio yanayolia na kichwa kinachokwenda barabarani bila kofia, na hakuna mtu aliyeyagombania. Chakula kilivunjika kwa sababu ya nywele na suruali.

Ugomvi wa aina hii haukuanzia kwetu. Kuna nchi iliupitia miaka 60 iliyopita, gazeti kwa gazeti na mahakama kwa mahakama, na ukisoma jinsi ulivyokwenda utadhani unasoma habari za kijiwe cha stendi ya Mbulu.

Vijana wa skuta

Nchi hiyo ni Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jijini London lilizuka kundi la vijana walioitwa Mods. Kwa Kiswahili chetu tuwaite Wamodi. Jina lilitokana na jazi ya kisasa waliyoipenda mwanzoni. (Linafanana na modo yetu, ila sina ushahidi kwamba ni ndugu.) Wengi wao walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeshapita, ajira zilipatikana, na kwa mara ya kwanza kijana wa miaka 17 alikuwa na mshahara wake mfukoni ambao hakulazimika kuupeleka wote nyumbani. Jeshi la lazima nalo lilikuwa limefikia mwisho, watu wa mwisho wakiitwa mwaka 1960. Kwa hiyo kulikuwa na vijana wengi, wenye hela kidogo na jioni ndefu.

Hela hiyo waliipeleka kwenye nguo. Suti za mtindo wa Kiitaliano, nyembamba, vifungo vitatu, suruali ya kubana, nywele fupi zilizochanwa vizuri. Wengine walikuwa tayari kula mkate mtupu wiki nzima ilimradi suti ishonwe. Usafiri wao ulikuwa skuta za Vespa na Lambretta, nyingi zikinunuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Juu ya skuta walifunga vioo vya pembeni, taa na mapambo, vioo vingine kumi na zaidi kwenye usukani mmoja. Ili suti isichafuke njiani, walivaa juu yake koti refu la jeshi la Marekani lililouzwa kama mtumba wa kijeshi. Muziki ulikuwa soul na R&B kutoka kwa watu weusi wa Marekani, ska kutoka Jamaika, kisha bendi zao wenyewe kama The Who na Small Faces. Ijumaa na Jumamosi walicheza mpaka asubuhi katika vilabu vya Soho.

Nenda sasa kijiweni. Pikipiki imepambwa kwa stika, taa za rangi, vitambaa vya kiti na spika. Imechukuliwa kwa mkataba, kila siku kuna hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Nguo zimetoka kwenye robota la mtumba, pengine zimewahi kuvaliwa huko huko Uingereza, zikanunuliwa mnadani Katesh au Haydom na kupelekwa kwa fundi zibanwe. Muziki ni singeli iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam, Tandale, Manzese na Mburahati, yenye mapigo ya haraka kiasi kwamba mtu wa umri wa baba yangu anadhani redio imeharibika. Hata kofia ya kufunika uso, ambayo vijana wa London wanaoimba drill wameifanya alama yao ya miaka hii, hapa tunayo siku nyingi. Sisi tunaiita boshori, na Mbulu ya mwezi wa sita inavaliwa na babu anayechunga ng'ombe.

Tofauti moja ndiyo inayonifurahisha. Zamani mitindo ilishuka tu kutoka kwao kuja kwetu. Mwaka 2017 ilitoka santuri ya Sounds of Sisso, iliyokusanya singeli za studio moja ya Mburahati, na tangu hapo vijana wa Ulaya wanalipa kiingilio kuicheza singeli ambayo mzazi wa hapa anaizima.

Turudi kwa Wamodi, maana kuna siku iliyobadilisha mambo. Pasaka ya mwaka 1964 kulikuwa na baridi na mvua, na vijana waliokwenda kupumzika katika mji wa pwani wa Clacton wakagombana: Wamodi upande mmoja, na upande wa pili wenzao walioitwa Rockers, waliopenda makoti ya ngozi na pikipiki kubwa. Mwezi Mei yakatokea tena Margate na Brighton. Viti vilirushwa, vioo vikavunjwa, vijana wakakamatwa. Magazeti yakaandika kana kwamba nchi imevamiwa. Msomi mmoja, Stanley Cohen, aliufuatilia mkasa huo na kutoa kitabu mwaka 1972. Alionyesha kwamba uharibifu ulikuwa mdogo kuliko kelele za magazeti, na kwamba kelele zenyewe ziliwavuta vijana wengine waende kuona. Mimi ni mwandishi wa habari. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili.

Taifa zima likawa linatazama suti na skuta. Lakini ukiuliza leo ni nini hasa kiliwaumiza vijana wale, jibu halimo kwenye suti.

La kwanza ni vidonge. Kucheza usiku kucha kulihitaji nguvu, na nguvu hiyo ilitoka kwenye vidonge vya amfetamini. Vilivyojulikana zaidi vilikuwa Drinamyl, vidonge vidogo vya buluu vyenye pembe tatu. Havikutengenezwa kichakani. Vilikuwa dawa halali, na madaktari waliwaandikia kwa wingi akina mama wa nyumbani waliolalamika uchovu na wasiwasi. Kwa maneno mengine, mzazi aliyekuwa anagombania suruali sebuleni huenda alikuwa na vidonge vyenyewe kabatini chumbani. Sheria ya kuzuia kuvimiliki bila idhini ilipitishwa mwaka huo huo wa 1964.

La pili ni masikio, na la tatu ni kichwa. Uingereza haikulazimisha waendesha pikipiki kuvaa helmeti hadi mwaka 1973, wakati Wamodi wa kwanza walikuwa tayari baba za watu.

Mwaka wa vimini

Sisi nasi tulipigana vita hiyo. Wasomaji wenye miaka 70 watakumbuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku vilikuwa vimini, mawigi, suruali na magauni ya kubana, kaptula fupi sana na krimu za kujichubua. Kimini chenyewe kilikuwa mtoto wa London ile ile. Mbunifu Mary Quant, aliyekuwa na duka King's Road, ndiye anayetajwa zaidi kwa kukieneza, na Malkia akampa nishani mwaka 1966. Huku kwetu, hata kabla siku ya utekelezaji haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo na kwenye mabasi, wakawachania nguo, na polisi ikabidi waingie. Novemba 1969 ikafika zamu ya muziki: soul ikapigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam. Zanzibar nao walikuwa na vita vyao dhidi ya suruali pana za bugaluu na nywele ndefu.

Kuna kichekesho kinachotuhusu sisi wa huku. Wakati Dar es Salaam vijana wanakamatwa kwa kuvaa kisasa kupita kiasi, katika Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulibeba pia Mbulu na Hanang (Manyara ilizaliwa mwaka 2002), kulikuwa na kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na kuvaa suruali. Mmoja alikosea kwa kuvaa ya kubana, mwenzake kwa kutokuivaa kabisa.

Marufuku hayakuishi. Miaka michache baadaye mitaa ilijaa pekosi, mashati ya kola ndefu, nywele za afro na viatu vya raizoni ambavyo leo mtu akivivaa lazima ashikwe mkono. Ushahidi ninao ukutani. Sebuleni kwetu, juu ya meza ile ile aliyofukuzwa mdogo wangu, kuna picha ya baba mkubwa ndani ya studio ya picha, mkono kiunoni, pekosi imefagia sakafu. Nilipomwonyesha baba alisema, "Ile ilikuwa heshima."

Nikiitazama ile orodha ya mwaka 1968 kwa jicho la kazi yangu, naona kitu kimoja tu ambacho daktari angekiweka: krimu za kujichubua. Kimini hakijawahi kumlaza mtu wodini. Lakini krimu zenye zebaki huharibu figo, zenye haidrokwinoni na dawa za steroidi hukonda ngozi mpaka ikashindwa kujitibu, na mkorogo unaochanganywa nyuma ya duka hakuna anayejua una nini ndani. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa nchini, lakini mkorogo bado unauzwa, na wavulana nao wameanza kununua. Miaka zaidi ya 50 imepita. Tulilolipigania kwa nguvu limekwisha lenyewe, na lililostahili kupigiwa kelele tumelizoea.

Wembe wa kinyozi

Sasa kiduku. Mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha mstari katikati ulibebwa duniani na mapanki wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wao wakiwa wameuita kwa jina la kabila la wenyeji wa Amerika. Lakini wazee wa pwani watakwambia walikuwa wakinyoa denge kabla panki hajazaliwa. Na sisi wa huku tusijifanye hatukuwa na mapambo ya ujana. Wadatoga wana alama zao zilizochorwa kuzunguka macho na bangili zao za shaba. Mabinti wa Kiiraqw wa zamani walivaa sketi za ngozi zilizoshonewa shanga. Kijana kutaka kuonekana ni kijana si jambo lililokuja na simu.

Kinachonisumbua kuhusu kiduku ni mashine iliyokinyoa. Mitindo hii inataka kwenda kwa kinyozi kila wiki au mbili, na mistari ya pembeni huchongwa kwa wembe. Nimekaa kwenye benchi la kinyozi mmoja, sitasema wapi, nikamwona ananyoa vichwa sita kwa mashine moja, akiipuliza kwa mdomo kila akimaliza. Taulo lilikuwa lile lile.

Pale kijana anaweza kutoka na mapunye, na hapo wazazi wengi wanakosea: mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka dawa tu. Fangasi huingia ndani ya unywele, kwa hiyo mgonjwa anahitaji vidonge vya wiki kadhaa vilivyoandikwa na mtaalamu wa afya. Anaweza pia kupata vipele vya kisogoni, vinavyotokana na kunyoa karibu mno na ngozi, ambavyo kwa baadhi ya watu hugeuka makovu magumu yasiyoota nywele tena. Hatari kubwa zaidi ni wembe uliotoa damu kwa mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado vinaambukiza. Watoto wetu wa sasa hupata kinga yake katika chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kijana ambaye hakukamilisha chanjo hizo huenda hana kinga, na kwa sura hutamjua.

Dawa yake si kumnyoa kipara kwa nguvu. Mashine ya kunyolea ya mtu binafsi ni gharama ya mara moja, na wembe mpya ni bei ya pipi chache. Kinyozi mzuri hasikii vibaya ukimwomba asafishe meno ya mashine kwa spiriti mbele yako. Anayesikia vibaya, mhame.

Blichi nayo ni kemikali kali. Ikikaa kichwani muda mrefu inaunguza, na nimeona vidonda. Piko, ambayo dada zetu hujichorea mikononi siku za harusi na vijana hupaka nywele, mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD ambayo kwa wengine huleta malengelenge na uvimbe wa uso. Mtu apake kidogo nyuma ya sikio, asubiri siku mbili. Kijana atakwambia hana siku mbili. Mwambie basi asubiri moja. Ni afadhali kuliko kutosubiri kabisa.

Nyenje ndani ya sikio

Hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Mei 1976, bendi ile ya Wamodi, The Who, ilipiga kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, London. Sauti ilipimwa mita 32 kutoka kwenye spika ikakutwa na desibeli 126, ikaingia kwenye kitabu cha Guinness kama onyesho la kelele kuliko yote. Mpiga gitaa wake, Pete Townshend, ameishi miaka mingi na masikio yanayolia na kusikia kulikopungua, na amelisema hilo hadharani. Mwenyewe alisema kilichomwumiza zaidi ni hedifoni alizovaa studioni kuliko spika za jukwaani.

Kwa mzazi, neno hilo lina uzito. Onyesho la kelele huja mara chache. Hedifoni zipo kila siku, ndani ya sikio, na wewe husikii kitu.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo vinavyotikisika sauti ikiingia. Kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza ngano ya Hanang. Kelele ikiisha haraka, vinasimama tena. Ikiendelea siku baada ya siku, vinakufa, na kwa binadamu haviotii upya. Hakuna dawa ya kuvirudisha, si Haydom, si Muhimbili, si London. Mlio wa nyenje usiku ni sikio linalalamika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki vibaya. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Sauti ya desibeli 80, mfano wa barabara yenye magari mengi, mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, ambayo simu nyingi na hedifoni zinaifikia ukikaza hadi mwisho, ni dakika 20. Kwa wiki. Mdogo wangu alikuwa anaimaliza wiki yake kabla hajapeleka abiria wa pili.

Unaweza kupima bila kifaa. Mtoto amevaa hedifoni, wewe umesimama umbali wa mkono mmoja na unausikia wimbo: sauti imezidi. Au mwongeleshe kwa sauti ya kawaida, asiposikia, imezidi. Sauti ya simu isizidi kidogo juu ya nusu, asilimia 60 hivi. Apumzishe masikio kila saa. Hedifoni zinazofunika sikio lote ni nafuu kwa sababu zinazuia kelele za nje, kwa hiyo hana sababu ya kuongeza. Lakini barabarani, juu ya pikipiki, zote ni mbaya, maana honi ya lori haitasikika. Na akilalamika mlio unaodumu zaidi ya siku moja, au akianza kuwaomba watu warudie maneno, mpeleke hospitali apimwe. Mlio unaokuja ghafla na sikio moja kuziba ni wa kuharakisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu vidonge na pombe sitasema mengi. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na kila mzazi anajua vilivyokuja baada yake. Nitasema tu, kwa kumbukumbu ya ile Drinamyl, fungua kabati lako kabla hujafungua mfuko wa mwanao. Dawa za maumivu makali zilizobaki, dawa za usingizi za bibi, chupa ya nusu ya sikukuu. Zihesabu.

Helmeti nayo ina ushahidi usio na ubishi. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwetu ina maana kubwa zaidi, kwa sababu upasuaji wa ubongo haufanyiki kila hospitali. Mgonjwa wa kichwa kutoka huku anaweza kulazimika kusafirishwa hadi KCMC Moshi au MOI Dar es Salaam, na kila kilomita ni muda. Sheria ya usalama barabarani inamtaka dereva avae. Vijana wanaivua kwa sababu inaharibu kiduku, wanakwambia wazi. Nilishangaa niliposikia, kisha nikacheka: kumbe hata hapo nywele zimeingia. Lakini hapo ndipo mazungumzo yangeweza kuanzia. Mzazi angesema, nyoa unavyotaka, ila chini ya helmeti.

Nilimwambia baba hivyo kesho yake asubuhi, mdogo wangu akiwa ameshaondoka. Nilimweleza masikio, nikamweleza kofia. Alikaa kimya, akaniuliza yale mayai yameenda wapi. Nikamwambia mama ameyatoa. Akasema suruali ile bado hajaikubali.

Pasaka nilirudi. Kiduku kilikuwepo, na blichi safari hii imekuwa nyekundu. Mdogo wangu alikula mezani, upande wa mwisho karibu na mlango, na baba aliongea na watu wote isipokuwa yeye. Alipomaliza akaaga, akatoka kuwasha pikipiki. Alikuwa na helmeti kichwani, kamba ya kidevu inaning'inia. Baba alimwona kupitia dirishani. Akasimama, akaenda mlangoni na kumwita kwa sauti kubwa, kwa sababu spika ilikuwa imeshaanza, akimwonyesha kidevu chake mwenyewe kwa kidole.

Mdogo wangu alizima spika ili asikie. Kisha akafunga kamba.